Nondo Waliokuwa Nzige

Jumapili, 28 Septemba

Milimita thelathini na mbili tangu jana. Mdogo wangu Des kanipigia simu mara tatu kuniambia zimefika thelathini na mbili, kana kwamba mimi sina kipimo cha mvua hapa Pelham. Huko kwenye ranchi yake, Tamsin Downs, kilomita tisini kutoka mjini, hajaona mvua ya namna hii mwezi Septemba tangu baba yetu afe. Anasema ng'ombe wamesimama ndani ya maji hadi magotini, hawanywi, wanashangaa tu.

Nilifurahi kwa ajili yake kama nusu saa hivi. Kisha nikaanza kufikiria nyasi zitakazoota, na nani mwingine anapenda nyasi changa. Tangu hapo sijakaa kitini.

Jumanne, 30 Septemba

Mtaalamu wa hesabu amefika na ndege ya posta. Anaitwa Thuy Luong, miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Brisbane, begi moja la nguo na mawili ya kompyuta. Atakaa msimu mzima.

Rada yetu ni trela jeupe nyuma ya uwanja wa ndege, lina dishi linalotazama juu. Kila usiku linapeleka mawimbi angani na kusikiliza mwangwi wa wadudu wanaopita. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na mmoja sasa, mimi nasoma lilichosikia na kuandika kwenye rekodi: nondo, nzige, mvua, au takataka. Ofisi ya Nzige kule makao makuu inasoma nilichoandika na kuamua kama itatuma watu na ndege za dawa. Kabla ya hapo nilifundisha hesabu katika shule ya hapa. Macho yangu yalitosha. Sasa wameniletea programu.

"Unawatambuaje nzige?" aliniuliza kabla hata ya kuonja chai.

"Nawajua."

"Unawajua vipi, Bi Lorna?"

"Kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake."

Akaliandika hilo kwenye daftari. Sikupenda alivyoliandika.

Alhamisi, 2 Oktoba

Leo kanieleza hesabu zake, na lazima nikiri kwamba msichana anajua kueleza. Alichora mwangwi wa nondo kwenye skrini, mstari unaopanda na kushuka. Akautanua mara nne, mara nane, mara kumi na sita. Kila alipoutanua ulikuwa unalainika, mpaka ukawa kama mgongo wa kilima. Kisha akaleta mwangwi wa nzige wa mwaka juzi. Akautanua, na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na mikwaruzo mingine, na ndani ya hiyo mingine tena, kama mto Bulloo ukiutazama kutoka kwenye ndege: mkono unazaa vidole, vidole vinazaa vidole.

"Hiyo ndiyo jiometri ya fraktali," alisema. "Mstari laini una kipimo cha moja. Karatasi iliyojaa wino yote ina mbili. Hawa wako katikati. Nondo wako karibu na 1.35. Nzige wanapita 1.55. Mvua inafika 1.8."

Ili kupata namba hiyo anaufunika mstari kwa viboksi na kuhesabu vingapi vimeguswa. Halafu viboksi vidogo zaidi, halafu vidogo zaidi tena. Mtu ndiye anayechagua aanzie viboksi vya ukubwa gani na aishie wapi, kwa sababu vikiwa vidogo mno unaanza kupima kelele ya mashine yenyewe.

"Kwa hiyo bado mnahitaji mtu," nikamwambia.

"Kwa hilo, ndiyo."

Jumatatu, 6 Oktoba

Des alikuja mjini kuchukua vipuri vya pampu, akala kwangu. Kondoo wa kuchoma, viazi, boga. Nyasi zimefika kwenye kifundo cha mguu, anasema. Anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu mdomoni.

Nikamuuliza atafanya nini nzige wakija.

"Hawaji."

"Wakija, Des."

Akaweka uma chini. "Dada, mimi nimekaa miaka minne kupata kile cheti. Miaka minne sijamwaga tone la sumu. Wanunuzi wa ng'ombe wa kilimo hai wanakuja mpaka langoni kwangu. Ndege moja ya Ofisi ikipita na dawa yao, cheti kimekwenda. Mwaka huu sitaki kumwona mtu wa dawa hata akija kuomba maji."

Nikamtajia ile kuvu. Ni aina ya ukungu, wanaichanganya na mafuta na kuinyunyiza, inaota juu ya tunutu, watoto wa nzige, wangali wadogo, kabla hawajapata mabawa, na inawaua wao peke yao. Cheti kinairuhusu. Ila inachukua wiki mbili kufanya kazi, na lazima uiagize mapema.

Akacheka. "Ukungu? Nimwage ukungu kwenye nyasi zangu, halafu nikae nikingoja?"

Basi nikaacha. Des akishacheka hivyo mazungumzo yamekwisha. Ndivyo alivyo tangu akiwa na miaka sita.

Jumatano, 8 Oktoba

Thuy amepanda ndege kwenda Brisbane kwa wiki moja. Kumbukumbu ya kifo cha bibi yake. Familia nzima inapika na kukaa pamoja. Kaniachia programu na kurasa mbili za maelekezo. Kwenye ukurasa wa pili kaandika: ukiwa na shaka, usiguse.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyuzi joto thelathini na nane. Upepo wa kusini mashariki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nilifungua faili la usiku. Mwangwi mzito kuanzia saa mbili mpaka saa nane, mita mia tatu hadi mia sita juu, unaelekea kaskazini magharibi. Programu ikatoa 1.58.

Sikuhitaji namba. Nilipouona tu mstari nilijua mwendo wake.

Nikachukua ramani, nikapima kasi na upepo. Wangetua alfajiri, na upande ule kuna mahali pamoja tu penye nyasi changa. Niliweka rula kwenye karatasi mara nne. Kila mara inaangukia Tamsin Downs.

Nikatoka nje nikalizunguka trela. Nikakaza boliti ambayo haikuwa imelegea. Nikarudi ndani, nikafungua ukurasa wa viboksi, nikajiuliza kama vile vidogo kabisa havipimi kelele. Mashine ina miaka mingi. Inawezekana. Nikaviondoa vya saizi mbili za mwisho, namba ikashuka mpaka 1.49. Nikaondoa saizi nyingine moja. 1.39.

Nikaandika: nondo. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: viboksi vidogo vimeondolewa, kelele ya mashine.

Nimeandika hapa jinsi ilivyokuwa. Kule nimeandika vile.

Jumamosi, 11 Oktoba

1.57. Nikaifanya 1.38. Nondo.

Jumapili, 12 Oktoba

1.60. Nondo. Nilikwenda kanisani, nikatoka kabla ya wimbo wa pili. Gari lilikuwa la moto kama jiko, nikakaa ndani humohumo na madirisha yamefungwa.

Labda hawatataga. Labda wametua na kupita. Kunguru nao wanakula nzige. Mwaka ule wa mafuriko walitua hivihivi kwa Bern Orr, jirani wa Des, na hakuna kilichotokea.

Jumatano, 15 Oktoba

Thuy karudi, kaniletea keki za mchele zilizofungwa kwenye majani ya mgomba. Alipitia rekodi ya siku zote alizokosekana. Nilikuwa naosha vikombe nimempa mgongo.

"Hizi siku tatu ulikata viboksi vidogo," alisema.

"Kelele."

"Sawa. Sikuwahi kuiona kelele kwenye ukubwa huo, lakini wewe ndiye unayeijua mashine." Kisha akasema, "Kweli, nimefurahi ulifikiria. Wengi wangebonyeza tu."

Nilikula keki mbili ili mdomo uwe na kazi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Taarifa ya wiki imetoka kwa wafugaji wote, kama kila Ijumaa. Wilaya ya Pelham: nondo, idadi ya kawaida.

Jumatano, 22 Oktoba

Upepo wa kusini mashariki tena. Nimeosha mapazia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kumbe Thuy anacheza mishale. Kawashinda wanaume wote wa baa, mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza kwa upole walipokosea. Nilikuwa nikimwona mwenye majivuno. Si majivuno. Ni mtu ambaye hajawahi kufikiria kwamba mwenzake anaweza kumwambia jambo lisilo la kweli.

Laiti angekuwa na majivuno.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siwezi kusoma. Siwezi kutazama runinga. Nimeendesha gari mpaka daraja la mto na kurudi, mara mbili, bila sababu. Mayai yanahitaji wiki tatu hivi kwenye udongo wa joto hili. Nahesabu kwenye vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, najikuta nimefika siku ileile.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya mbio za farasi za Melbourne. Kama kila mwaka, mji mzima ulikuwa baa kabla ya saa sita, wanawake na kofia zao, pai za nyama kwenye trei. Mimi nilivaa kofia ya marehemu mama. Thuy alivaa kofia ya manyoya aliyoazimwa na mwenye baa, inamfika mpaka puani.

Farasi walikuwa wanaingia kwenye vibanda vyao vya kuanzia wakati Bern Orr alipofika. Bern ni jirani wa Des upande wa mashariki, mjane, mwanamke mkubwa asiyevaa kofia kwa mtu yeyote. Mkononi alikuwa na chupa ya jamu yenye kifuniko kilichotobolewa. Akaiweka juu ya kaunta mbele yangu.

"Niambie hawa nondo wako, Lorna, mbona hawana mabawa?"

Ndani kulikuwa na tunutu kama arobaini, wadogo kuliko punje ya mchele, wanarukaruka na kugonga kioo.

"Umewatoa wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kwenye uzio wangu na wa Des. Upande wangu wako wa kuhesabika. Upande wake ardhi inachemka."

Watu walipiga kelele, farasi wameanza. Thuy alivua ile kofia, akaiinua chupa mpaka usawa wa macho. Hakutazama mbio. Niliona midomo yake ikihesabu siku kurudi nyuma, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

Watu wa Ofisi wamekwenda Tamsin Downs kukagua. Des hakufunga lango. Makundi ya tunutu kwenye malisho matatu: ya Kaskazini, ya Kisima cha Pili, na yale ya kando ya mto. Kama wote watapata mabawa wataruka kabla ya katikati ya Desemba, na kusini kuna mashamba ya watu.

Bwana Selleck, mkubwa wetu kule makao makuu, kapiga simu. Hakutaka kuongea na mimi. Alimtaka Thuy. Nilimsikia yeye tu: "Ndiyo. Ndiyo, siku tatu mfululizo. Hapana, sina maelezo. Naelewa."

Jumamosi, 8 Novemba

Amefungua upya mafaili yote ya miaka mitano, anayapima moja moja. Halali vizuri; macho yamemvimba. Meza yake imejaa karatasi za mistari. Nampelekea chai na anasema asante bila kuinua kichwa.

Leo alisema, akiwa bado anatazama skrini: "Nimeshapata kosa. Kosa ni kwamba njia yenyewe ni ya uongo. Kama kelele inaweza kuishusha namba kiasi hicho, basi nimekuwa nikipima kelele miaka mitano, na zile namba nzuri zilikuwa bahati tu."

Nikasema apumzike.

"Jumatatu nitaandika kuomba waiondoe makala niliyochapisha kuhusu njia hii. Selleck anataka mradi usimame. Ana haki."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikaacha gari palepale. Nikagundua nimefika mlangoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye tayari yuko mezani, barua imefunguliwa kwenye skrini. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu jana, ya kuanzia mbali, ya kumweleza Des na cheti na miaka minne. Nilipomwona yote yakaniruka.

"Hakukuwa na kelele," nikasema. "Namba zilikuwa 1.58, 1.57 na 1.60. Mimi ndiye niliyezishusha. Nilijua ni nzige tangu asubuhi ya kwanza."

Trela lilikuwa linalia ule mlio wake wa feni.

"Uliondoa saizi ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Tatu."

Akageukia skrini, akafungua mafaili matatu, akavirudisha viboksi. Alikosea nywila mara mbili. 1.58. 1.57. 1.60. Akaziangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ilikuwa sahihi," alisema kwa sauti ndogo. Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

"Kwa nini?"

"Ranchi ni ya ndugu yangu."

"Najua ni ya ndugu yako. Nakuuliza kwa nini uliniacha. Siku sita nimejiona mjinga, Lorna. Siku sita. Nimempigia mama yangu nikamwambia nimepoteza miaka mitano. Na wewe ulikuwa unaniletea chai."

Nilikuwa namwonea huruma kwelikweli kila nilipomwekea kikombe pale mezani. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba huruma ilikuwa ya kweli.

Akaisukuma simu upande wangu wa meza. "Selleck anaingia kazini saa tatu. Utamwambia mwenyewe. Mimi nitakaa hapahapa nisikie."

Nilimwambia. Selleck hakupandisha sauti. Aliniuliza tarehe, akaniomba nizirudie polepole kwa sababu alikuwa anaandika. Mwisho akasema, "Ndugu yako anajua?"

Nikasema hapana.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda Tamsin Downs. Barabara imekauka, vumbi jekundu nyuma yangu kilomita zote tisini. Kwenye malisho ya Kisima cha Pili nilisimamisha gari nikashuka. Bern hakutia chumvi. Ardhi inatembea. Ukikanyaga, inafunguka mbele ya kiatu na kufunga nyuma yake. Nyasi zilizokuwa kwenye kifundo cha mguu zimebaki vijiti.

Des alikuwa chini ya pikapu anabadilisha oili. Nikaongea na miguu yake. Labda ningesubiri atoke, ila nilihofia nikiuona uso wake sitafika mwisho. Nilimweleza yote: siku tatu, viboksi, nondo. Nikasema nilifanya kwa ajili ya cheti chake.

Spana ilisimama. Akajivuta akatoka, akakaa kwenye vumbi, mikono yote oili.

"Nani alikuomba?"

"Ulisema hutaki kumwona mtu wa dawa."

"Nilisema dawa."

Akainuka, akafungua mlango wa pikapu, akachakura kwenye kile kisanduku cha mbele, risiti na kamba na miwani mibovu ikaanguka chini. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya kuagiza ile kuvu. Malisho yote matatu yameandikwa kwa mwandiko wake mbaya, ukubwa, idadi ya mapipa. Tarehe juu: 7 Oktoba.

"Nilicheka," alisema, "halafu nikaenda nyumbani nikafikiri. Jumanne yake nikapiga simu. Wakaniambia nijaze, niipeleke nikisikia wametua. Kwamba ukiipeleka Oktoba unapata yote unayotaka, Novemba kila mtu anaililia." Aliichukua tena fomu, akaikunja vilevile. "Kila Ijumaa nilisoma taarifa yako, dada. Nondo. Nikasema, afadhali. Rada ni ya Lorna, Lorna hakosei."

Nikajaribu kumshika mkono. Akaurudisha nyuma, si kwa hasira, alivyoutoa ungedhani hakutaka tu kunipaka oili.

"Nenda nyumbani," akasema. "Nina kazi."

Miaka hamsini na nne nimekuwa dada yake. Ningeweza kuapa namjua.

Ijumaa, 14 Novemba

Kuvu imepatikana, ila ni ya kutosha malisho mawili tu. Wilaya nyingine zilitangulia. Tunutu wa malisho ya Kaskazini wameshakua mno, hata kama ingetosha isingewawahi. Kule watanyunyiza dawa.

Des kasaini. Bern ndiye aliyeniambia; mimi simu zangu hapokei.

Jumatano, 19 Novemba

Ndege ya kuvu imepita asubuhi. Nyuzi arobaini mchana.

Jumamosi, 22 Novemba

Ndege ya dawa imepita malisho ya Kaskazini. Kipande hicho kimetoka kwenye cheti kwa miaka mitatu, na ng'ombe wake mia moja na sitini hawezi kuwauza kama wa kilimo hai mpaka wakaguliwe upya. Bern alikuwa naye kwenye uzio. Anasema Des alivua kofia ndege ilipopita, kama mtu aliye mazikoni, halafu akaivaa na kurudi kwenye pampu.

"Kasema chochote?" nikamuuliza.

"Kasema upepo umetulia, ni vizuri, haitasambaa."

Jumatatu, 24 Novemba

Thuy anaongea na mimi mambo ya kazi. Mipangilio ya dishi, umeme, joto la chumba. Chai anajipikia.

Jumapili, 30 Novemba

Bern alinichukua kwa gari lake kunionyesha Kisima cha Pili. Tunutu waliokufa wamekuwa wekundu, rangi ya matofali, wameng'ang'ania vijiti vya nyasi kwa miguu yote sita. Maelfu kwa maelfu. Ukigusa kijiti wanadondoka wakavu kama maganda. Wengine bado wanatembea, lakini polepole, na upande mmoja.

"Inafanya kazi," alisema Bern.

Nikasema ndiyo. Mahali pengi inafanya kazi.

"Una bahati mbaya ya kuwa na ndugu mwema," akasema. "Angekuwa mshenzi, mngeshapigana mkamaliza."

Ijumaa, 5 Desemba

Barua ya Ofisi imefika. Nitaendelea kuitunza mashine. Kuandika kwenye rekodi, hapana. Kila kitu kitasainiwa na Thuy mpaka watakapoamua vinginevyo. Nilitegemea vibaya zaidi. Nimeisoma nimesimama jikoni, kisha nikasafisha friji yote.

Mradi unaendelea. Makala yake haikuondolewa.

Jumanne, 9 Desemba

Jana joto lilikuwa arobaini na mbili, upepo wa kaskazini, mawingu ya radi magharibi yasiyoshuka. Sikushangaa. Leo saa kumi na mbili asubuhi nilipofika kwenye trela, Thuy alikuwa ameshafungua faili, mikono mapajani.

"Kaa," alisema. Mara ya kwanza tangu mwezi uliopita aseme kitu kisichohusu umeme.

Mwangwi ulianza saa mbili na dakika ishirini usiku. Haukuwa mzito kama ule wa Oktoba, robo yake labda. Umetoka kaskazini magharibi yetu, ukapita juu kuelekea kusini.

"Chagua viboksi," akasema.

"Siruhusiwi."

"Kusaini huruhusiwi. Chagua. Mimi naangalia."

Nikachagua vyote, kutoka vikubwa mpaka vidogo kabisa. 1.61. Akasogeza kiti nione vizuri. Tukachukua ramani. Nikaweka rula nyuma ya mshale, kuelekea walikotoka, na nilijua kabla haijatua. Wametoka Tamsin Downs, kando ya mto, chini ya miti, ambako ndege ya kuvu haikuweza kushuka.

Thuy alishika kalamu. "Taarifa itataja ranchi," alisema.

"Itaje. Ila nipe dakika tano."

Nikatoka nje nikampigia Des. Nilijua hatapokea, nikajiandaa kuacha ujumbe. Akapokea.

"Wameruka jana usiku," nikasema. "Wachache, lakini wameruka. Wametoka kwako, kando ya mto. Wanaelekea kusini. Nimeona nikuambie kabla hujaisoma kwenye taarifa."

Nilisikia mbwa wake. Nikasikia anavuta pumzi.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Namba ngapi?"

Sikujua kwamba anajua mambo ya namba. "1.61."

Akakata.

Saa nne kasoro nikaona vumbi la pikapu. Aliingia kwenye trela bila kubisha, kofia kichwani, akamsalimia Thuy, mimi hakunisalimia. Akavuta ndoo akaigeuza akaikalia. Akauliza orodha ya wakulima wa kusini iko wapi. Nikamwambia Ofisi itawaarifu kesho kwa taarifa.

"Kesho wameshakula," akasema. "Lete."

Nikaitoa kabatini. Kurasa tatu, majina na simu, bonde kwa bonde. Hakuwa na miwani yake, akanirudishia. "Soma."

Nikasoma ya kwanza. Akabonyeza, akangoja, akasafisha koo.

"Habari za asubuhi. Hapana, si Ofisi. Mimi ni mfugaji, Des Kerswell, huku Pelham. Una nzige wanakuja, leo au kesho alfajiri. Nimeambiwa na rada." Akasikiliza. "Hapana, hawajatoka mbali. Wametoka kwangu. Ndiyo, kwangu. Nasikitika. Una nini shambani? Basi kata majani yako ya lusini leo, usingoje."

Yule mtu wa upande wa pili aliongea kwa muda mrefu, na hakuwa anaongea kwa upole. Des alimwacha amalize. Hakunitaja. Nilikaa na karatasi mikononi nikingoja anitaje.

Akakata simu, akasugua uso wake kwa kiganja.

"Ya pili," alisema.

Nikamsomea.